Uhuru wa Kuchagua Shule Ulivyofika Bomba Mbili

Jamhuri ya Utulivu haimo katika ramani zinazofundishiwa shuleni, na kwa kuwa shule zenyewe zimebaki chache, msomaji itabidi aniamini tu. Nilikuwa karani wa daraja la nne katika ofisi ya wilaya ya Kivumbi. Kazi yangu ilikuwa kunakili mihutasari, kupiga mihuri na kupiga makofi. Nasimulia niliyoyaona na yaliyopita mezani kwangu. Siongezi chumvi, wakubwa walikuwa wameshaitia ya kutosha.

Mwaka ule serikali yetu iligundua kwamba wazazi wana huzuni. Huzuni hiyo haikutokana na watoto tisini kubanana katika darasa moja, wala na shule nzima kuwa na vyoo viwili, mambo ambayo serikali ilikuwa inayajua kwa miaka mingi na haikuwahi kuyaona kuwa ya kusikitisha. Tume iliyosafiri nchi tano za ng'ambo kwenda kuwachunguza wazazi wetu ilirudi na jibu kwamba wazazi wana huzuni kwa sababu hawachagui.

Mheshimiwa Dokta Makeke, Waziri wa Elimu, alibadilisha jina la wizara asubuhi hiyohiyo tume iliporudi, ikawa Wizara ya Elimu na Hiari. Kisha akatangaza Hati ya Hiari. Ilikuwa karatasi nene yenye picha yake mbele na nyuma, na kila mzazi angeweza kuipeleka shule yoyote ya binafsi aitakayo, naye mtoto asome huko kwa gharama ya serikali. Fedha zenyewe zilitolewa katika fungu la shule za umma, ambazo, kwa maelezo ya Waziri, zilikuwa zimezoea shida na hazingeshtuka.

"Mzazi wa Utulivu amechoka kupangiwa," alisema siku ya uzinduzi, akiwa amesimama juu ya jukwaa lililokuwa na mazulia mengi kuliko shule zote za Kivumbi. "Anapokwenda sokoni huchagua nyanya. Huziminya, huzigeuza, huziacha. Kwa nini asiiminye shule?"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Hakuna aliyemkumbusha kwamba nyanya hazina haki ya kumkataa mnunuzi.

*

Katika mtaa wa Bomba Mbili aliishi fundi cherehani aitwaye Bi Siwatu, mjane mwenye mtoto mmoja wa kike, Kibibi, aliyekuwa darasa la sita katika Shule ya Msingi Bomba Mbili. Siwatu alikuwa na kibanda kirefu cha mabati alimoshonea sare za shule hiyo. Mama huyu hakuwa mtu wa siasa. Alipenda hesabu za mwanawe. Kibibi aliweza kukadiria kitambaa cha suruali arobaini kwa kichwa, na mara zote alipatia kuliko mama yake kwa karatasi.

Siwatu alikuja ofisini kwetu kuchukua hati siku ya kwanza kabisa. Alipanga foleni tangu alfajiri hadi alasiri, na Kibibi alikuwa naye kwa sababu fomu ilitaka mtoto aonekane kwa macho. Siku ya pili alirudi kwa ajili ya muhuri, siku ya tatu kwa ajili ya muhuri wa kuthibitisha muhuri. Kila mara mtoto alitakiwa awepo. Bwana Chande, Afisa Hiari wa Wilaya, ambaye ndiye bosi wangu, alisema hilo linamzoesha mtoto kuchaguliwa.

Walipoipata, mama na mwana walianza safari ya kuchagua. Nitasema kwa kifupi, kwa kuwa wengine mlishapita njia hiyo.

Shule ya kwanza, Akademia ya Upeo, ilikuwa na lango ambalo peke yake lingetosha kuwa shule. Waliipokea hati kwa mikono miwili, wakaisifu picha ya Waziri, wakauliza kama Kibibi anajua kuogelea. Siwatu alieleza kwamba Bomba Mbili inaitwa hivyo kwa sababu ina mabomba mawili ya maji, na moja halitoi. Wakasikitika naye. Walisema wanaheshimu sana uhuru wa kuchagua, na kwa kuheshimu huko, na wao wamechagua.

Shule ya pili haikumtaka mtoto aseme lolote. Ilimsaili mama. Mwanamume mwenye tai ya kipepeo alimwuliza falsafa yake ya malezi ni ipi. Siwatu akajibu kwamba humwambia mwanawe anawe mikono na asiseme uongo. Yule bwana aliandika kitu kifupi sana, akafunga faili.

Shule ya tatu iliwakubali. Siwatu alishika ukingo wa meza kwa furaha. Ndipo alipopewa orodha ya mambo ambayo hati haiyagusi: basi, viatu vya aina tatu, safari ya kwenda kuona theluji, na mchango wa mandhari, maana shule ilikuwa mlimani na kila aliyeiona bahari dirishani alipaswa kuchangia. Akauliza kama mwanawe anaweza kukaa upande usio na dirisha. Akaambiwa upande huo umejaa.

Wiki tatu zilipita hivyo. Siwatu hakuwa peke yake. Wazazi wote wa Bomba Mbili walikuwa barabarani na watoto wao, wakiminya shule.

Hati nyingi hatimaye zilitua mahali pema. Watoto waliokuwa tayari wanasoma katika akademia hizo, ambao baba zao walikuwa wakilipa bila kulalamika, walipewa hati ili nao wasijione wametengwa. Waziri alitoa taarifa bungeni kwamba asilimia mia moja ya watoto walionufaika na mpango huu wamo katika shule nzuri, na wengi wao walikuwamo hata kabla ya mpango kuanza, jambo lililoonyesha kasi yake.

*

Sasa nieleze jinsi Shule ya Msingi Bomba Mbili ilivyofungwa.

Katika wiki zile tatu Bwana Chande alikwenda kukagua mahudhurio. Alimkuta mwalimu mkuu, Mwalimu Ngwali, mtu mwembamba aliyefundisha pale miaka ishirini na sita, akiwa na watoto kumi na mmoja. Wengine walikuwa kwenye foleni zetu. Mwalimu alimweleza hivyo, tena kwa utaratibu, akimwonyesha daftari na sababu ya kila mtoto. Bosi wangu alilitazama daftari na macho yakamlowa.

"Mwalimu," alisema, "wazazi wamesema. Wametumia miguu yao kusema."

Mwalimu Ngwali alisema miguu hiyo iko kwenye ua wa ofisi ya Bwana Chande mwenyewe, na itarudi Jumatatu. Bosi wangu akamjibu kwamba serikali sikivu haingoji Jumatatu.

Shule ilifungwa Ijumaa. Madawati yalichukuliwa na lori, nami nikapiga muhuri wa kuyapokea. Jengo lilipewa kazi mpya ya kuhifadhi mabango ya kuhamasisha wazazi kuchagua shule. Mwalimu Ngwali hakufukuzwa kazi, la hasha. Aliandikiwa barua kwamba sasa yeye ni Mwalimu Anayengoja Kuchaguliwa, na kwamba mshahara wake nao unangoja pamoja naye. Hali ikawa hivyohivyo katika shule zote kumi na moja za serikali katika wilaya yetu, kwa maana foleni zetu zilikuwa ndefu na zilimeza watoto wengi.

Jumatatu watoto walirudi kama mwalimu alivyosema. Walisimama mbele ya mlango wenye kufuli wakiwa na sare alizoshona Siwatu. Wazazi walikuja ofisini. Bwana Chande aliwasikiliza kwa upole, akawaeleza kwamba hawajapoteza kitu, kwani kila mmoja bado ana hati yake.

Siwatu alikuwa wa mwisho kuondoka siku hiyo. Alisimama mbele ya meza yangu, akaniuliza kama katika sheria yote hiyo kuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto lazima afundishwe. Nilitafuta kwa uaminifu mpaka saa ya kufunga. Sikupaona.

*

Alichofanya baadaye ni kitu cha kawaida kabisa, ndiyo maana kilituchanganya sana ofisini. Alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Ngwali, akamkuta anapanga chupa tupu kwa ukubwa, akamwambia anataka amfundishe Kibibi hesabu na lugha. Mwalimu akasema akifundisha mmoja itabidi afundishe na wa jirani. Siwatu akasema kibanda chake ni kirefu.

Basi wakaanza. Meza ya kukatia vitambaa ilisimamishwa ukutani ikawa ubao. Watoto walikaa juu ya majora ya khaki na magunia ya vipande. Siwatu alihamishia ushonaji wake alasiri, na asubuhi alikaa mlangoni akipokea watoto. Walianza sita, wakawa thelathini na wanne. Wazazi walileta walichonacho: mmoja chaki, mwingine mihogo, fundi bomba mmoja akaja kuwawekea ndoo yenye bomba dogo. Mwalimu Ngwali, ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa akifundisha darasa asiloliona mwisho wake, sasa aliwajua wote kwa makosa yao. Alinenepa kidogo.

Habari zilifika ofisini. Bwana Chande naye akafika kibandani, akifuatana na mgambo wawili na mimi. Alihesabu watoto, akapima kibanda kwa hatua, akatamka kwamba hii ni shule isiyosajiliwa na Siwatu atashtakiwa kwa kufundishisha bila kibali. Kibibi alikuwa ubaoni, na aliendelea kuandika hesabu yake hadi mwisho kwa sababu hakuna aliyemwambia asimame.

Siwatu alimuuliza afisa kama anaruhusiwa kuchukua shali yake kabla ya kukamatwa.

Lakini Mungu hawasahau maafisa. Siku hiyohiyo mezani kwangu iliingia barua kutoka wizarani. Kila wilaya ilitakiwa iwasilishe, ndani ya siku tano, angalau shule moja mpya ya binafsi iliyozaliwa kwa nguvu ya Hati ya Hiari, na Waziri angekuja mwenyewe kuizindua. Kivumbi hatukuwa nayo. Hakuna tajiri aliyeona sababu ya kujenga shule mpya ilhali hati zilimfikia kwenye ile ya zamani. Bwana Chande aliisoma barua mara mbili, akageukia hati ya mashtaka niliyokuwa nimeshaanza kuinakili, akaniambia nifute neno "mshtakiwa" niandike "mwekezaji".

Kesho yake kibanda kilisajiliwa kuwa Akademia ya Kimataifa ya Bomba Mbili. Neno "kimataifa" lilihalalishwa na nyuzi za cherehani, zilizotoka nje ya nchi. Siwatu alikataa. Alisema yeye ni fundi, hataki akademia, anachotaka ni shule ya serikali ifunguliwe mlango. Bwana Chande alimweleza kwa subira kwamba hiari ni ya lazima, na asiposaini, yale mashtaka bado yana wino mbichi. Siwatu alitazama watoto, akasaini.

*

Waziri alikuja na magari kumi na manane, ambayo hayakuingia kichochoroni, hivyo alilazimika kutembea hatua mia mbili katika nchi anayoiongoza kielimu. Alipofika alikuwa ameloa jasho na hisia.

Alisema mengi. Alisema amekaa katika mabunge ya ulimwengu lakini hajapata kuona majora ya khaki yenye tija kama haya. Alisema hapa mzazi hakungoja serikali, na serikali inajivunia kutongojwa. Alimwita Siwatu mama wa taifa dogo. Kisha mwandishi mmoja wa redio, binti mtulivu mwenye daftari, akamwuliza kama yeye Mheshimiwa angemleta wa kwake asome hapa.

Mtu mwingine angekohoa. Dokta Makeke hakuwahi kukutana na swali akalijibu kwa ufupi. Alisema si angemleta tu, bali anamleta. Akaitisha fomu, akaiegemeza mgongoni mwa mgambo, akajaza jina la mjukuu wake aitwaye Lulua, mwenye miaka tisa, aliyekuwa Akademia ya Upeo, akabandika hati ya mtoto, iliyokuwa bado haijatumiwa, akasaini huku kamera zikimulika. Watu walishangilia. Fomu nilikabidhiwa mimi, nami nikaipiga muhuri na kuiingiza kwenye daftari, maana ndiyo kazi yangu na hakuna aliyeniambia kwamba ulikuwa mzaha.

Wizarani walipolitambua hilo, siku mbili zilikuwa zimepita na magazeti yote yalikuwa yameandika. Ilibidi mtoto afike kwenye usaili, angalau apigwe picha.

Jioni ya kabla ya usaili Bwana Chande alikwenda kwa Siwatu na barua mkononi. Alikuwa mpole kama mtu anayeomba kuazimwa mwavuli. Alimweleza kwamba akademia yenye hadhi lazima ikatae watoto, na mpaka sasa yake haijamkataa hata mmoja, jambo linaloitia wasiwasi wizara. Kwa hiyo kesho atamkataa Lulua. Akademia itapata hadhi, Mheshimiwa atasifiwa kwa kutopendelewa, na mtoto atarudi Upeo. Barua ya kumkataa ilikuwa imeshaandikwa, ya huzuni na heshima, ilibaki saini. Siwatu aliipokea, akaiweka chini ya cherehani, akamkaribisha uji.

Asubuhi Lulua aliletwa na msaidizi wa Waziri na mpigapicha. Alikuwa mtoto mwembamba mwenye soksi ndefu nyeupe. Alisimama katikati ya kibanda, akapiga goti kidogo, akajitambulisha kwa Kiingereza kizuri, akataja kauli mbiu ya shule yake, akatabasamu kuelekea kamera. Mpigapicha alipokwisha, Siwatu aliwaomba wanaume watoke, kwa kuwa usaili ni siri. Alinibakiza mimi niandike.

Mwalimu Ngwali aliandika ubaoni sentensi moja: *Mama ananunua sukari.* Akamwomba Lulua aisome. Lulua alipiga goti tena, akajitambulisha tena. Mwalimu akaionyesha sentensi kwa kidole, polepole. Mtoto aliitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama soksi zake.

Alikuwa darasa la nne. Kule Upeo walikuwa na farasi.

Siwatu aliinuka, akamwendea, akachuchumaa mbele yake. Alimwuliza kwa sauti ya chini kama anataka kujua kusoma.

"Nataka," alisema Lulua. "Lakini babu asiambiwe kwamba sijui."

Nimefanya kazi serikalini miaka kumi na tisa, na nimesikia siri nyingi za wizara zikiombewa kufichwa. Hiyo ndiyo pekee ambayo sikuiandika daftarini. Siwatu alirudi kwenye cherehani, akaitoa ile barua, akaikunja mara nne na kuiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Kisha akachukua muhuri ambao Bwana Chande mwenyewe alimpa siku ya usajili, akaugonga kwenye fomu: AMEKUBALIWA.

*

Yaliyofuata yalihusu Kanuni ya Arobaini.

Kanuni hiyo iliandikwa kwa ombi la wenye akademia, ambao hawakupenda wazazi wahamehame na hati kama nyuki. Ilisema mtoto aliyekubaliwa kwa hati atasoma hapo mwaka mzima, na mzazi atakayemtoa atashtakiwa kwa kuchezea hiari ya umma. Mtoto anaweza kuhama kabla ya mwaka kwenda mahali pamoja tu: shule ya serikali ndani ya wilaya ileile. Waliiweka sentensi hiyo kwa kuwa walijua hakuna mtu ambaye angeitumia.

Dokta Makeke aliisoma kanuni yake kwa mara ya kwanza. Aliwaita wanasheria watatu, nao wakaisoma kwa sauti tofauti, ikatoka ileile. Nje, yule binti wa redio alikuwa ameanza kuuliza mwanafunzi mpya ataripoti lini.

Akaripoti Jumatatu. Gari liliishia barabarani, na msaidizi wa Waziri akambeba mtoto kichochoroni asije akachafua soksi. Siku ya tatu Lulua alikataa kubebwa. Alikaa kwenye jora moja na Kibibi, ambaye alimfundisha herufi kwa vipande vya vitambaa, kwa namna aliyoibuni mwenyewe na ambayo Mwalimu Ngwali hakuielewa ila aliiacha kwa kuwa ilifanya kazi. Wiki ya tano alisoma sentensi ya sukari. Wiki ya saba alisoma nyuma ya gunia la mchele, pamoja na tahadhari.

Babu yake hakuwa na wiki saba nzuri. Bungeni wenzake walimwuliza bei ya khaki. Mkewe, niliambiwa, hakumwuliza chochote kwa siku kumi na nne. Mwishowe Bwana Chande alipigiwa simu na kuulizwa ni shule gani ya serikali iliyo karibu ambayo mtoto anaweza kuhamia. Nilikuwa chumbani. Nilimwona bosi wangu akipekua jalada la wilaya, maana zote kumi na moja alikuwa amezifunga yeye, na alipewa cheti kwa hilo.

Sijapata kuona serikali yetu ikifanya kazi kama siku tisa zilizofuata. Mabango yalitolewa ndani ya Shule ya Msingi Bomba Mbili na kuchomwa. Kuta zilipakwa rangi. Bomba lile lisilotoa maji kwa miaka kumi na mbili lilitengenezwa kwa dakika arobaini, na kumbe kilichokuwa kinakosekana ni mpira mmoja mdogo. Vyoo vikawa sita. Madawati yakaletwa, mapya, yenye harufu ya vanishi, na barua ya Mwalimu Ngwali ikasema kwamba amechaguliwa. Watoto wote thelathini na wanne walihamia pamoja na Lulua, na wengine wa mtaani wakafuata, mpaka wakajaa madarasa matatu. Katika ufunguzi Waziri alisema huu ndio ushindi mkubwa kuliko yote wa Hati ya Hiari: imezalisha hata shule ya serikali.

Lulua alisoma hapo Jumatatu moja. Jumanne, akiwa sasa mwanafunzi wa serikali asiyefungwa na kanuni yoyote, alirudishwa Akademia ya Upeo. Kabla ya kupanda gari alisimama mbele ya kibao kipya ukutani, akasoma kila neno kwa kidole, kisha akamwuliza babu yake kwa nini jina la babu limeandikwa kubwa kuliko neno "shule". Waziri alimwambia apande gari. Kibibi alimpungia mkono mpaka gari likapotea, kisha akarudi ndani kwa sababu kengele ilikuwa imelia.

*

Jumatano saa nne asubuhi lilifika lori.

Bwana Chande alikuwa mbele na dereva, mimi nyuma na daftari. Mwanafunzi aliyesababisha shule ifunguliwe ameondoka, alieleza, hivyo shule imekwisha kazi yake, na madawati yanahitajika kwenye uzinduzi mwingine. Alisema hivyo bila ukali. Sidhani kama alijua kwamba ni jambo baya. Alikuwa kama mtu anayekuja kuchukua viti baada ya harusi.

Siwatu alikuwa anapima watoto sare mpya pembeni mwa uwanja. Alisikiliza mpaka mwisho, akaning'iniza futi yake ya kupimia shingoni, akaingia darasa la sita na kuketi kwenye dawati, ubavuni mwa mwanawe. Hakumwita mtu. Lakini Bomba Mbili ni mtaa mdogo, na ndani ya nusu saa kina mama walianza kuingia, mmoja na kikapu cha dagaa, mwingine na unga mikononi, wakamwomba radhi mwalimu na kubanana na watoto. Kisha wakaja na kina baba. Fundi bomba alikaa darasa la kwanza, magoti yakimfikia kidevuni. Mwalimu Ngwali aliuliza kama wageni wamekaa vizuri, akaendelea na sehemu za desimali.

Bwana Chande aliingia, akaeleza kifungu. Akatoka, akapiga simu, ikaita bila kupokewa. Wizarani siku hiyo walikuwa kwenye semina ya kusikiliza wananchi. Akarudi, akamwomba Siwatu kwa upole ainuke, kwani dawati analokalia ni mali ya serikali.

"Najua," alisema Siwatu. "Ndiyo maana nimelikalia."

Aliambiwa atashtakiwa. Akasema sawa, lakini baada ya kipindi. Mgambo walitazamana, mmoja wao alikuwa na shangazi yake darasa la pili. Bosi wangu alikaa kwenye ngazi, akafuta jasho, akaniagiza niandike kwamba zoezi limeahirishwa kutokana na madawati kuwa mazito. Niliandika. Sentensi hiyo imo kwenye jalada la wilaya hadi leo, na kwa sababu yake hakuna aliyerudi, kwani hakuna idara yenye wajibu wa kupunguza uzito wa dawati.

Saa sita na nusu dereva wa lori alizima injini. Alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu za mvi. Alishuka, akavua kofia, akapita mbele ya Bwana Chande bila kumtazama, akaenda hadi mlangoni. Akamwambia Mwalimu Ngwali kwamba ana mtoto wa kiume nyumbani, hati yake imekataliwa na shule nne, na kwamba hajui kuogelea. Aliyasema yote kwa mkupuo mmoja, kama aliyezoea kukatizwa.

Mwalimu aliweka chaki chini. Akafungua daftari la mahudhurio, akatafuta mstari ulio wazi, akamwuliza mtoto anaitwa nani.